Ashoka, mfalme aliyekunjua ngumi

Historia ya dunia imejaa wafalme walioshinda vita wakajengewa sanamu. Imejaa pia walioshindwa wakasahaulika. Ni nadra, hata hivyo, kumpata mfalme aliyeshinda vita vikubwa, kisha akautangaza ushindi huo mbele ya raia wake kuwa chanzo cha majuto yake, na kuamuru habari hizo zichongwe kwenye majabali ili wajukuu na vitukuu wake wazisome.

Mfalme wa aina hiyo alikuwa Ashoka, aliyetawala sehemu kubwa ya Bara Hindi kuanzia takriban mwaka wa 268 Kabla ya Kristo (K.K.) hadi alipoaga dunia karibu na mwaka wa 232 K.K. Jina lake lina maana ya mtu asiye na huzuni. Ajabu ni kwamba huzuni ndiyo iliyomfanya akumbukwe hadi leo.

Simulizi ya Ashoka si ya mtu aliyezaliwa mwema. Ni ya mtu aliyelelewa katika imani moja iliyomfunga macho, akaitumikia hadi ikamwaga damu ya maelfu ya watu, kisha akajifunza hatua kwa hatua kuiachilia kwa msaada wa mafunzo ya Budha. Hakuiachilia yote. Pengine hapo ndipo lilipo funzo kubwa zaidi la maisha yake.

Urithi wa upanga

Ashoka alizaliwa takriban mwaka wa 304 K.K. katika ukoo wa Maurya. Babu yake, Chandragupta, ndiye aliyeuasisi utawala wa ukoo huo karibu na mwaka wa 321 K.K., miaka michache tu baada ya Alexander Mkuu kuondoka kwenye bonde la mto Indus. Seleucus, mmoja wa majenerali waliogawana milki ya Alexander, alijaribu kuyatwaa tena maeneo hayo. Hatimaye alilazimika kufanya mapatano: alimwachia Chandragupta nchi kubwa za upande wa magharibi, naye akapewa ndovu 500 wa vita.

Makao makuu ya himaya hiyo yalikuwa Pataliputra, mji ambao siku hizi huitwa Patna, katika jimbo la Bihar. Megasthenes, balozi Mgiriki aliyetumwa huko na Seleucus, aliueleza kuwa mji uliozingirwa na ukuta wa mbao wenye minara 570 na malango 64. Huko ndiko Ashoka alikokulia, akiwa mwana wa Mfalme Bindusara.

Mwana wa mfalme katika mazingira hayo hakufunzwa tu kutupa mkuki na kupanda ndovu. Alifunzwa pia namna ya kuitazama dunia. Kitabu maarufu cha siasa cha Wahindi wa kale, Arthashastra, ambacho mapokeo hukinasibisha na Kautilya, mshauri wa Chandragupta, kinamchukulia mfalme jirani kuwa adui wa kimaumbile. Ingawa wataalamu wengi wanaamini kwamba kitabu hicho kilikamilishwa karne kadhaa baadaye, fikra zake zilikuwa hewa waliyoivuta watawala wa zama hizo. Mfalme ambaye hakuteka alihesabika kuwa anangoja kutekwa.

Imani hiyo haikuonekana kuwa imani. Ilionekana kuwa ndiyo hali halisi ya mambo, kama vile maji kutiririka kwenda bondeni. Babu alikuwa ameteka, baba alikuwa ameilinda na kuipanua himaya, na kijana hakuwa na sababu ya kushuku kwamba ufalme una njia nyingine.

Simulizi za baadaye za Wabudha zinadai kwamba Bindusara hakumpenda mwanawe huyu kwa kuwa ngozi yake ilikuwa ya kukwaruza na sura yake haikupendeza. Zinasimulia pia kwamba alitumwa Taxila kutuliza maasi, na kwamba alikuwa gavana wa Ujjain. Bindusara alipofariki, ugomvi wa kurithi kiti cha enzi ulizuka, na kumbukumbu za Sri Lanka zinasema ilipita miaka 4 kabla ya Ashoka kutawazwa rasmi.

Kumbukumbu hizo zinaongeza kwamba aliwaua ndugu zake 99 ili asiwe na mshindani. Wanahistoria wanalipokea dai hilo kwa tahadhari, kwa kuwa maandishi ya Ashoka mwenyewe, yaliyochongwa miaka mingi baada ya kutawazwa, yanataja nyumba za kaka na dada zake zilizokuwa chini ya uangalizi wa maafisa wake. Yamkini waandishi wa kidini walimpaka masizi mazito katika ujana wake ili weupe wa uzee wake ung'ae zaidi. Lakini hata bila masizi hayo, kisa cha Kalinga kinatosha.

Kalinga

Kalinga ilikuwa nchi ya pwani ya mashariki, kwenye Ghuba ya Bengal, katika eneo ambalo leo ni jimbo la Odisha. Haikuwa chini ya himaya ya Maurya ilhali majirani zake wengi walikuwa wameshamezwa. Katika mwaka wa 8 baada ya kutawazwa kwake, yaani karibu na mwaka wa 260 K.K., Ashoka aliishambulia na kuishinda.

Takwimu za vita hivyo zinatokana na maandishi ya mshindi mwenyewe. Watu 150,000 walihamishwa kwa nguvu kutoka makwao. Wengine 100,000 waliuawa vitani. Waliokufa kutokana na yaliyoandamana na vita hivyo walikuwa maradufu mara nyingi. Hata kama hesabu hizo ni za kukadiria, ni vigumu kumpata mtawala mwingine wa kale aliyezitaja hesabu za namna hiyo kwa kuzijutia badala ya kujigamba.

Jambo lililomchoma Ashoka halikuwa idadi peke yake. Maandishi yake yanaeleza kwamba katika nchi hiyo walikuwamo makuhani, watawa na watu wa kawaida waliowaheshimu wazazi wao, waliowatendea wema rafiki na watumishi, na ambao hawakuwa na hatia yoyote. Wapo waliopata majeraha, wapo waliouawa, na wapo waliotenganishwa na wapendwa wao. Hata wale walionusurika waliumia kwa sababu ya yaliyowapata jamaa na marafiki zao. Mshindi alikuwa ametambua kwamba adui wa kimaumbile aliyefunzwa kumwogopa alikuwa mtu mwenye mama, mwalimu na jirani.

Majuto ni mjukuu, wasema Waswahili, na mara nyingi huja yakiwa hayana la kufanya. Majuto ya Ashoka yalikuwa na kazi ya kufanya.

Mafunzo ya kuachilia

Siddhartha Gautama, aliyekuja kuitwa Budha, alikuwa ameishi na kufa zaidi ya miaka 100 kabla ya Ashoka. Kiini cha mafunzo yake ni kwamba mateso ya binadamu hutokana na kiu isiyokatika, na kiu hiyo humfanya mtu ashikilie mambo yasiyoshikika. Vitu hubadilika, watu huondoka, mwili huzeeka, na mwenye kung'ang'ania huburutwa pamoja na anachokishika.

Wabudha hutaja aina nne za kung'ang'ania huko. Ya kwanza ni kung'ang'ania anasa za mwili. Ya pili ni kung'ang'ania maoni na itikadi. Ya tatu ni kung'ang'ania kaida na ibada kana kwamba zenyewe ndizo ukombozi. Ya nne, iliyo ngumu kuliko zote, ni kung'ang'ania nafsi, yaani ile picha ambayo mtu amejichorea kuhusu yeye ni nani.

Kuachilia, katika mafunzo hayo, si kutojali. Mama anaweza kumpenda mwanawe bila kumgeuza mali yake, na mkulima anaweza kulilima shamba kwa bidii akijua kwamba mvua si mtumishi wake. Budha alifananisha hata mafunzo yake mwenyewe na chelezo cha kuvukia mto. Aliyekwisha kufika ng'ambo hana haja ya kujitwika chelezo hicho kichwani na kutembea nacho nchi kavu.

Siddhartha aliondoka katika jumba la kifahari ili aitafute njia hiyo. Mapokeo ya Wajaini yanasema kwamba hata Chandragupta, babu yake Ashoka, aliacha enzi uzeeni na kufa mtawa. Ashoka hakuondoka. Alibaki na taji, jeshi na hazina, na mtihani wake ukawa mgumu kwa namna nyingine: je, mtu anaweza kukaa katikati ya mali na madaraka bila kutawaliwa navyo?

Hadithi nyingi zinasimulia kuongoka kwake kana kwamba kulitokea kwa siku moja. Ashoka mwenyewe alikuwa mkweli zaidi. Katika mojawapo ya maandishi yake ya mwanzo, anakiri kuwa alikuwa muumini wa kawaida kwa zaidi ya miaka miwili na nusu, na kwamba kwa mwaka mzima wa kipindi hicho hakuonyesha bidii yoyote. Ni baada ya kujongeleana na jumuiya ya watawa ndipo juhudi yake ilipoanza. Imani aliyolelewa nayo kwa zaidi ya miaka 40 haikung'oka kwa usiku mmoja.

Jikoni, porini na mahakamani

Maandishi ya Ashoka hayazungumzii nirvana wala falsafa nzito. Yanazungumzia mwenendo. Lakini matendo yake yakilinganishwa na zile aina nne za kung'ang'ania, inaonekana wazi jinsi alivyoanza kukunjua kidole kimoja baada ya kingine.

Alianza na anasa. Maandishi yake yanasema kwamba hapo zamani mamia ya maelfu ya wanyama walichinjwa kila siku kwa ajili ya jiko la kifalme. Wakati wa kuchongwa kwa amri hiyo walikuwa wamebaki watatu tu: tausi wawili na paa mmoja, naye paa hakuchinjwa kila siku. Hata hao watatu, aliahidi, wangeachwa baadaye. Badala ya kutangaza kwa majivuno kwamba ameacha nyama, mfalme aliwaeleza raia kwamba bado hajamaliza kuacha.

Uwindaji ulikuwa fahari nyingine ya wafalme. Katika mwaka wa 10 baada ya kutawazwa, Ashoka alizuru mahali ambapo Budha alipata mwangaza, panapojulikana leo kama Bodh Gaya. Tangu hapo safari za kuwinda zilibadilishwa zikawa ziara za kukutana na watawa, kuwapa wazee msaada na kuzungumza na watu wa vijijini.

Aidha, aliagiza maafisa wake wamletee habari za wananchi wakati wowote, awe anakula, awe katika makao ya wake zake au awe bustanini. Faragha ya mfalme, ambayo kwa kawaida hulindwa kuliko hazina, ilifunguliwa mlango. Alipanda miti ya kivuli na miembe kando ya barabara, akachimbisha visima na kujenga nyumba za kupumzikia wasafiri. Aliagiza pia matibabu kwa binadamu na wanyama, na mitishamba ikapelekwa na kupandwa pale ilipokosekana.

Kuhusu kaida na ibada, Ashoka alizungumza bila kuuma maneno. Alizitaja sherehe nyingi ambazo watu walizifanya wakati wa ugonjwa, harusi, uzazi na safari, akasema matunda yake ni machache. Sherehe yenye manufaa, kwa maoni yake, ni kuwatendea haki watumwa na watumishi, kuwaheshimu walimu, kujizuia kuwadhuru viumbe na kuwapa watawa sadaka. Hakuzipiga marufuku sherehe nyingine. Alitaka watu wasiukumbatie mtungi na kuyasahau maji.

Kutoing'ang'ania hata dini yake

Kidole kigumu zaidi kukikunjua ni cha itikadi. Mtu huweza kuacha nyama, akaacha mvinyo, akalala sakafuni, kisha akapigana hadi kufa kwa ajili ya maoni yake. Hapo ndipo Ashoka alipowaacha nyuma watawala wengi waliokuja baada yake.

Amri yake ya 12 ya miambani inawataka watu wa dini zote waheshimiane. Inawaonya dhidi ya kuisifu dini yao kupita kiasi na kuzikashifu za wengine pasipo sababu. Hoja yake ni nzito: anayefanya hivyo kwa kuipenda mno dini yake huishia kuidhuru dini hiyo hiyo. Aliwahimiza watu wasikilize mafunzo ya wenzao, kwa kuwa kila madhehebu yana kiini kinachofaa kukuzwa.

Naye hakuishia kunena, kwani ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo. Katika vilima vya Barabar, kusini mwa Patna, yapo mapango yaliyochongwa ndani ya mwamba mgumu na kung'arishwa hadi kuta zake zikawa kama kioo. Maandishi yaliyomo yanaonyesha kwamba Ashoka aliyatoa kwa watawa wa Ajivika, madhehebu yaliyopingana na Wabudha kuhusu mambo ya msingi. Mfalme Mbudha aliwajengea makao wapinzani wa imani yake.

Mahali ambapo mkono haukufunguka

Hata hivyo, haifai kumgeuza Ashoka malaika. Rekodi ile ile ya mawe inayomsifu ndiyo inayomuumbua.

Aliijutia Kalinga, lakini hakuirudishia uhuru wake. Maandishi yake hayasemi popote kwamba wale watu 150,000 walirudishwa makwao. Katika amri hiyo hiyo ya majuto aliyaonya makabila ya misituni kwamba, licha ya huzuni yake, bado alikuwa na nguvu za kuwaadhibu iwapo hawangebadili mwenendo. Jeshi halikuvunjwa.

Hukumu ya kifo nayo iliendelea. Katika mwaka wa 26 wa utawala wake aliamuru waliohukumiwa kufa wapewe muda wa siku 3, ili jamaa zao wapate kuomba msamaha au wao wenyewe wajiandae kwa maisha yajayo. Kwa zama hizo, hilo lilikuwa jambo la huruma. Lakini kitanzi kilibaki mahali pake. Na mtu huyu aliyehubiri uvumilivu baina ya dini alitoa amri ya kufukuzwa kwa watawa wa Kibudha ambao wangethubutu kuigawanya jumuiya yao.

Lipo jambo jingine linaloumiza zaidi. Huko Dhauli na Jaugada, katika nchi ya Kalinga yenyewe, Ashoka alichongesha amri zake nyingi kama kwingineko. Lakini ile amri ya 13 inayosimulia mauaji na majuto yake haipo. Mahali pake pana maagizo maalumu kwa maafisa: wawatendee watu haki, wasiwafunge wala kuwatesa bila sababu, na wakumbuke kwamba mfalme huwatazama watu wote kama watoto wake.

Wapo wanaoona kwamba aliiondoa kwa huruma, asiwatoneshe waliofiwa kidonda kibichi. Wapo wanaoona kwamba ilikuwa siasa, kwa kuwa si busara kuwakumbusha walioshindwa jinsi walivyoshindwa. Vyovyote iwavyo, watu waliostahili kwanza kuombwa radhi hawakuisoma radhi hiyo katika mawe ya nchi yao. Kuikubali hatia mbele ya walimwengu ni rahisi kuliko kuikubali mbele ya aliyedhulumiwa, na hata Ashoka hakuweza kuivuka hatua hiyo.

Ushindi wa aina nyingine

Alichokiachilia kweli kweli ni ile imani aliyorithi kwamba ukuu wa mfalme ni kuteka. Baada ya Kalinga hakuna ushahidi wa vita vingine vya uvamizi alivyoviendesha, ijapokuwa alibaki madarakani kwa takriban miaka 28 zaidi. Aliandika kwamba ushindi bora ni ule wa wema, akawasihi wanawe na wajukuu wake wasifikirie ushindi mpya wa silaha.

Majirani ambao kitabu cha siasa kingewaita maadui sasa walitumiwa wajumbe. Amri ya 13 inawataja wafalme watano wa Kigiriki, miongoni mwao Antiochus wa Syria, Ptolemy wa Misri na Magas wa Cyrene, nchi iliyokuwa katika Libya ya leo. Kwa hiyo watawala wa Afrika Kaskazini wamo katika mawe ya Ashoka, na wamo kama watu wa kupelekewa ujumbe wa amani. Huko Kandahar, Afghanistan, maandishi yake yaliyogunduliwa mwaka wa 1958 yameandikwa kwa Kigiriki na Kiaramu, lugha ambazo watu wa huko walizifahamu.

Mapokeo ya Sri Lanka yanasema kwamba mwanawe Mahinda ndiye aliyeupeleka Ubudha kisiwani humo, na kwamba bintiye Sanghamitta alipeleka mche wa ule mti wa jamii ya mkuyu ambao Budha alipata mwangaza chini yake. Mti unaoheshimiwa kuwa ndio huo ungali unatunzwa Anuradhapura. Himaya ya Maurya haikudumu nusu ya karne kamili baada ya Ashoka. Mfalme wake wa mwisho aliuawa na jenerali wake mwenyewe karibu na mwaka wa 185 K.K. Mti umezishinda ngome zote.

Nusu ya tunda

Kuhusu siku za mwisho za Ashoka, mawe yako kimya, na hadithi ndizo zinazozungumza. Ashokavadana, kitabu cha Wabudha kilichoandikwa karne kadhaa baadaye, kinasimulia kwamba mfalme mzee aliazimia kuwapa watawa vipande vya dhahabu milioni 1,000, sawa na alivyotoa mfadhili mkuu wa enzi za Budha. Alikuwa amebakisha milioni 40 alipougua.

Mawaziri, wakihofia hazina kukauka, walimshauri mrithi wa kiti aifunge. Mfalme akaanza kutoa sahani za dhahabu alizolia chakula. Zilipoondolewa akaletewa za fedha, nazo akazitoa, hadi alipobaki na nusu ya amalaka, tunda dogo la kijani lenye ukakasi. Alilituma kwa watawa kama sadaka yake ya mwisho. Watawa walilisaga na kulitia katika mchuzi ili kila mmoja wao apate kuonja.

Hadithi hiyo imesimuliwa kwa karne nyingi kama sifa ya ukarimu. Lakini ndani yake mna onyo pia. Mfalme aliyekwisha kuachilia vita, uwindaji na karamu alikuwa ameshikwa na hesabu: ile tamaa ya kuifikia rekodi ya mfadhili mwingine. Hata wema huweza kugeuka pingu mtu anapouhesabu. Ni pale mkono ulipobakia na nusu ya tunda, bila uwezo wa kuifikia hesabu yoyote, ndipo sadaka ikawa sadaka tu.

Kusahaulika na kukumbukwa

Baada ya kufa kwake, mwandiko aliotumia ulisahaulika India kwenyewe. Watu walizipita nguzo zake kwa karne nyingi bila kujua zinasema nini. Ilikuwa mwaka wa 1837 ambapo Mwingereza James Prinsep, akiwa Calcutta, alifaulu kuyasoma maandishi hayo. Hata wakati huo jina lililosomeka lilikuwa la heshima tu, yaani Piyadasi, mpendwa wa miungu. Mwaka wa 1915, maandishi yaliyopatikana Maski, kusini mwa India, yakalitaja jina Ashoka waziwazi.

India ilipokaribia kupata uhuru mwaka wa 1947, gurudumu lenye miti 24 kutoka nguzo yake ya Sarnath liliwekwa katikati ya bendera ya taifa. Mnamo Januari 26, 1950, simba wa nguzo hiyo hiyo wakawa nembo ya jamhuri. Taifa jipya lilikuwa na wafalme wengi wa kuchagua, wakiwemo walioteka nchi nyingi na kushindwa mara chache. Lilimchagua aliyejuta.

Hakuwa mtakatifu, na mawe yake hayadai kwamba alikuwa. Alikuwa mtu wa makamo aliyegundua kwamba jambo aliloliamini tangu utotoni halikuwa kweli, na kwamba wengine walikuwa wamelipia kosa hilo kwa maisha yao. Wengi wakifika hapo hushikilia imani yao kwa nguvu zaidi, kwa kuwa kuiacha ni kukiri hasara. Ashoka aliikubali hasara, akaanza na jikoni mwake, akaendelea hadi mipakani mwa himaya, na kazi hiyo ikamkuta kifo akiwa hajaimaliza.

Wahenga walisema kuwa mkono mtupu haulambwi, na kwa mizani hiyo Ashoka alikufa maskini. Lakini visima, miti ya barabarani na mapango aliyowapa wapinzani wake vyote vilitoka katika mkono uliokunjuka. Ngumi ya Kalinga ilimwachia makaburi na majuto aliyoyabeba hadi mwisho wa uhai wake.